Mwalimu Nijibu: Nilikuwa Nimelala, Je Kosa ni Langu?

Barua za mwezi huu nimezisoma zote, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti, yani mtu kuna kitu kimetokea mkononi mwake alafu sasa anauliza kama kweli ni yeye aliyekifanya. Nimechukua tano. Hii ya kwanza nitakaa nayo sana manake aliyeiandika halali usiku, wengine mniwie radhi kama majibu yenu ni mafupi.

Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni kijana wa tuktuk, napiga Bamburi Mtambo na Kiembeni. Mwezi uliopita siku moja nilitoka alfajiri kama kawaida, mchana tuktuk ikanisumbua plagi nikapoteza masaa kwa fundi, sasa ikabidi nikae barabarani hadi usiku ili nipate hesabu ya tajiri. Saa nne hivi narudi mtupu, nikashtuka niko nje ya lami. Nikajipiga makofi usoni, nikafungulia redio, nikaendelea. Mara ya pili sikushtuka. Nilichosikia ni kelele, kufungua macho gurudumu la mbele limepanda benchi ya mama wa viazi karai, karai limepinduka na mafuta yote yamemmwagikia mguuni kuanzia goti kushuka. Yalikuwa yanachemka bado. Tulimpeleka hospitali na tuktuk hio hio. Ami yangu anasema nisijisumbue, mtu aliyelala ameinuliwa kalamu, na ajali haina kinga. Watu wa yule mama wanasema nimemuunguza. Sikumuunguza Mwalimu, wallahi nilikuwa nimelala. Kosa ni langu ama si langu?
Dereva, Bamburi

Waleikum salaam mwanangu. Nianze na ami yako, manake hajasema uongo, amesema nusu. Hadithi ya kalamu ipo, ameipokea Abu Dawud na wengine, kwamba kalamu imeinuliwa, yani hawaandikiwi dhambi, kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenye wazimu mpaka akili imrudie. Na sheria ya Kenya iko karibu na hapo hapo. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu hana jinai kwa kitendo kilichotokea bila utashi wake, wala kwa jambo lililotokea kwa ajali. Kwa hivyo zile sekunde ambazo macho yalikuwa yamefumba, mkono ulioshika usukani haukuwa unaongozwa na wewe. Hilo nakubali moja kwa moja na wale wanaosema umemuunguza wamekosea neno, manake kuna watu duniani wanaochukua mafuta ya moto wakammwagia mwenzao makusudi, na wewe si katika hao, usikubali kuwekwa kundi moja nao hata ukiwa na majuto kiasi gani.

Lakini barua yako ina sentensi moja ambayo ami hakuisoma. Umesema mara ya kwanza ulishtuka uko nje ya lami. Hapo ulikuwa macho. Ulijua usingizi umekuja, ulijua uko na gurudumu tatu na barabara ina watu, na ukachagua kuendelea. Kitendo chako kinaanzia hapo, sio pale kwa benchi ya yule mama.

Na hili si la kwangu. Kile kifungu cha 9 ambacho kinakutetea kinaanza kwa kuweka kando mambo ya uzembe, yani kinga yake haimfuniki mtu aliyefika kwa ajali kupitia uzembe wake. Na kwa upande wa dini kuna hadithi nyingine ambayo ingefaa ami yako aifuatanishe na ile ya kalamu, iko kwa Abu Dawud, siku ambayo Mtume na masahaba zake walikuwa safarini wakapitiwa na usingizi mpaka jua likatoka hawajaswali alfajiri, watu wakaingiwa na wasiwasi, naye akawaambia kwamba katika usingizi hakuna uzembe, uzembe uko kwa aliye macho. Soma tena hayo maneno polepole. Usingizi wenyewe haulaumiwi, anayeulizwa ni wewe wa dakika kumi kabla ya usingizi.

Kuna kesi moja Marekani, mji wa Buffalo, mwaka 1955. Mtu mmoja akiitwa Emil Decina alikuwa na kifafa, akapata shambulio akiwa anaendesha gari, gari likapanda mahali pa wapita njia likaua watoto wanne. Mawakili wake walisema kile kile unachosema wewe, kwamba mwili ulikuwa wake lakini hakuwa yeye, mtu aliye katikati ya kifafa hafanyi kitu, anafanyiwa. Mahakama ya rufaa ya New York mwaka 1956 haikubishana na hilo. Ilisema anajua kwamba kifafa kinaweza kumpiga wakati wowote, na akiwa na akili zake timamu alichukua gari peke yake akaingia nalo barabarani, basi kesi iendelee. Sasa fikiria dereva mwingine ambaye hajawahi kuugua kifafa maisha yake yote, kikampiga kwa mara ya kwanza pale Nyali darajani. Gari ni lile lile, na huenda waliokufa ni idadi ile ile, lakini huyu wa pili hana la kujibu manake hakuna mahali popote nyuma ambapo alijua na akapuuza. Tofauti yao haiko kwenye ajali, iko nyuma ya ajali.

Aristotle wa Ugiriki aliliweka hili kwa maneno machache zaidi ya miaka 2300 iliyopita: aliyekwisha kutupa jiwe hawezi kulirudisha, lakini kulitupa ama kutolitupa kulikuwa mikononi mwake.

Na nikwambie kitu cha kitaalamu kidogo ili ukirudi barabarani usirudie, manake utarudi. Makofi usoni na redio havifukuzi usingizi. Mwili uliochoka huanza kuiba sekunde mbili tatu, macho mara nyingine yako wazi kabisa lakini ubongo umezima, na mtu mwenyewe hajui kama ameibiwa. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, sekunde tatu ni zaidi ya mita 40, na mita 40 za Bamburi saa nne usiku huwezi kukosa mtu. Dawa ni moja tu, kuegesha na kulala, hata robo saa. Tajiri atapiga kelele, mwache apige. Na nisimwache huyo tajiri hivi hivi, manake mtu anayeweka hesabu huku akijua gari limeshinda kwa fundi na bado anataka pesa yote usiku huo huo, naye ana sehemu yake katika mguu wa yule mama, hata kama alikuwa kwake amelala. Lakini sehemu yake haipunguzi yako. Usiende kujificha nyuma yake.

Kuna watu watakwambia, sawa, kama ni uzembe tu na si kusudi, basi tubu yaishe. Haiishi. Dhambi ni jambo moja, na deni la mtu ni jambo lingine. Sura ya An-Nisaa aya ya 92 inazungumzia aliyeua muumini kwa makosa, si kwa kusudi kabisa, na bado inamtaka akomboe mtumwa na apeleke fidia kwa jamaa za marehemu isipokuwa wenyewe wakisamehe, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi walitaja kabisa mfano wa mtu aliyelala akajigeuza akamlalia mwenzake akamuua. Amelala huyo, kalamu imeinuliwa, na fidia bado wameiweka. Kwa hivyo ami yako hata tungempa hoja yake yote nzima, mguu wa yule mama bado ungekuwa unakudai.

Sasa hilo la kutolala usiku. Mwanafalsafa mmoja Mwingereza, Bernard Williams, mwaka 1976 aliandika juu ya dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lake hata kidogo. Akasema sisi tuliosimama pembeni tutamwambia si kosa lako, na tutakuwa sawa kumwambia hivyo, lakini tukiona amelisahau mara moja na anapiga stori kama kawaida tutamuonea shaka. Mimi naamini hilo. Huo uchungu ulio nao si ugonjwa, usitafute mtu wa kukuondolea, sio ami wala mimi. Utumie kufanya kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Kama hamjaripoti polisi, ripoti leo, manake bila abstrakti ya polisi yule mama hawezi kudai bima, na tuktuk inayobeba abiria inatakiwa iwe na bima inayomlipa mtu wa nje aliyeumia. Hio ni haki yake na wewe ndo mlango wake wa kuifikia. Nenda kwake na wazee wawili, si wengi, msijae nyumba ya mgonjwa. Usiseme "nilikuwa nimelala" kwanza. Sema ulijua una usingizi ukaendelea. Muulize dawa za bandeji anazibadilisha wapi na kwa shilingi ngapi, na kazi yake ya viazi nani anaifanya saa hii. Usimpelekee karatasi ya kusaini kwamba mambo yamekwisha, vidonda vya mafuta vinachukua muda na hajui bado mguu utakuwaje. Na kama hutaki kuongea kwa sababu unaogopa kesi, basi tafuta wakili akuelekeze, lakini kumwona usiache. Na hio "ajali haina kinga" mwambie ami aiweke, hayo ni maneno ya kumliwaza aliyegongwa, aliyegonga hawezi kujisemea.

Umeuliza ni langu ama si langu. Ni lako, kwa kiasi hicho nilichokwambia, na si zaidi.

Mwalimu mimi ni karani katika ofisi ya kliaringi hapa mjini. Bosi aliniambia nishushe bei kwenye invoisi ya kontena la nguo ili ushuru utoke mdogo. Nikakataa, akasema wenye digrii wanaotafuta kazi wamejaa hapo nje. Nina mtoto, nalipa nyumba Tudor, nikafanya. Sasa ni mara ya tatu. Najiambia nimelazimishwa kwa hivyo dhambi ni yake lakini roho haikubali. Ni kweli ni yake?
Binti, Tudor

Binti yangu, roho yako iko sawa kutokubali.

Wewe unakaa mji wa bahari kwa hivyo mfano huu wa Aristotle utakuingia haraka. Nahodha amepatwa na dhoruba, chombo kinazama, anaamua kutosa shehena ya watu baharini ili aokoe roho. Amelazimishwa ama ametaka? Hakuna nahodha anayetosa mzigo siku ya shwari. Lakini upepo haukuushika mkono wake ukatupa magunia, ni yeye aliyesema tupeni. Aristotle akasema vitendo kama hivi vimechanganyika, ila vinaelekea zaidi upande wa hiari, manake pale pale, wakati ule ule, mtu alichagua. Kisha akaongeza kitu muhimu, kwamba kuchagua hakuna maana ya kulaumiwa, nahodha huyu anaweza hata kusifiwa, inategemea ametosa nini kwa ajili ya kuokoa nini.

Kwa hivyo swali si kama ulichagua. Ulichagua. Swali ni dhoruba ilikuwa kubwa kiasi gani, na ulitosa mali ya nani.

Kuna kulazimishwa ambako hakuna mtu anayekubishia. Ammar bin Yasir aliteswa Makka, wazazi wake wameuliwa, mpaka akatamka maneno ya kukufuru, akaja kwa Mtume analia, akaulizwa moyo wako ukoje, akasema umetulia katika imani, naye hakulaumiwa, na aya ya 106 ya Sura ya An-Nahl inamhusu mtu kama yeye. Sheria yetu nayo, kifungu cha 16 cha Kanuni ya Adhabu, inamkubalia aliyetishwa na wenzake wa kosa kwamba atauliwa ama kuumizwa vibaya papo hapo, muda wote kosa linapofanyika. Lakini kifungu hicho kinamalizia kwa kusema vitisho vya kudhuriwa baadaye havimwondolei mtu kosa. Mwizi akikuwekea panga shingoni umpe funguo za sefu, mpe, na mwajiri yeyote atakayekukata mshahara kwa hilo amekudhulumu. Bosi akikwambia utakosa kazi mwisho wa mwezi, hio si panga. Inauma, najua inavyouma, kodi ya nyumba haingoji, lakini kati ya wewe na hilo neno la bosi kuna mlango na kuna siku kadhaa za kufikiri.

Sitaki uelewe kwamba shinikizo la njaa si kitu. Ni kitu kikubwa na linapunguza lawama kabisa. Ndo maana ile mara ya kwanza nakuonea huruma kuliko ninavyokulaumu, ulishtukizwa, mtoto yuko nyumbani, ukafanya. Ya pili na ya tatu ni habari nyingine. Dhoruba haidumu miezi. Kati ya kontena la kwanza na la tatu kulikuwa na siku nyingi za shwari ambazo ungeweza kutafuta kazi kwingine, kuongea na mtu, hata kumwambia bosi akuandikie maagizo hayo kwa imeili uone kama ataandika. Hizo siku ndo zako.

Na dhambi yake haiondoki, usidhani nimemsahau, anayetumia njaa ya mtu kumfanyisha uovu amebeba mzigo wake na sehemu ya wako. Lakini kusema "niliamrishwa" hakumfuti aliyetenda. Baada ya kesi za Nuremberg za 1945 na 1946 Umoja wa Mataifa uliliandika hilo kama kanuni mwaka 1950, kwamba amri ya mkubwa haimvui mtu jukumu iwapo kweli alikuwa na nafasi ya kuchagua. Wale walikuwa na mambo mazito kuliko invoisi, sikulinganishi nao, nakuonyesha kwamba hoja hio imeshapelekwa mbali na haikufika.

Kontena la nne usilifanye. Kama paswadi ya mfumo wa forodha ni ya jina lako usimpe mtu, manake sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamtafuta aliyetoa tangazo la uongo, na karatasi zinasema ni wewe. Tafuta wakili umweleze hayo matatu kabla hujamweleza mtu mwingine yeyote, na kazi anza kutafuta leo usiku.

Mwalimu, kwa harusi ya kakangu huko Mtwapa nilikunywa nikamtukana mjomba mbele ya wakwe. Sikumbuki hata neno moja. Nitaombaje msamaha kwa kitu ambacho sikukifanya mimi, ni pombe? Na wengine wanasema ni shetani alinipitia.
Kijana, Kisauni

Mwache shetani, glasi ya kwanza uliinua ukiwa na akili zako.

Kutokumbuka nako kusikudanganye. Pombe ikizidi ghafla inazuia ubongo kuhifadhi yanayotokea, lakini mtu wakati huo anatembea, anajibu, anachagua nani wa kumtukana. Ulimjua mjomba kuwa ni mjomba ndo maana tusi lilimfika. Kilichopotea ni rekodi. Kitendo kilikuwepo na watu mia walikiona.

Wagiriki wa zamani walikuwa wakali kuliko mimi. Pittacus, mtawala wa Mytilene, aliweka sheria kwamba anayekosa akiwa amelewa adhabu yake iwe kubwa kuliko ya asiyelewa, na Aristotle alipozungumzia adhabu maradufu za walevi alieleza sababu yake, kwamba kuacha kulewa kulikuwa kwenye uwezo wa mtu. Kenya haijafika huko, lakini kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ulevi wenyewe si utetezi, isipokuwa mambo machache, kwa mfano mtu amewekewa kitu kwenye kinywaji bila kujua akawa hajui anachofanya. Kama hilo ndilo lililokupata niandikie tena, jibu litabadilika kabisa. Kama sivyo, nenda kwa mjomba asubuhi, hujanywa kitu, na usitaje pombe mpaka yeye aitaje.

Dadangu mdogo ameolewa kabla yangu. Nikiona picha zake roho inaniuma na sitaki iume. Mimi ni hasidi?
Bila jina, Mombasa

La. Kilichokuja chenyewe kifuani hukukiita. Kuna hadithi kwa Bukhari na Muslim kwamba umma huu umesamehewa yale nafsi zinayojisemea ndani madam mtu hajayatamka wala kuyatenda. Uangalie mdomo na vidole tu, usiandike kitu chini ya zile picha ukiwa katika hali hio, na usikubali kukaa na shoga zako wanaokuja kukuchochea. Roho itauma kisha itachoka.

Shikamoo Mwalimu. Mamangu anaishi nasi hapa Majengo. Alikuwa mtu wa staha, hajawahi kumuinulia mtu sauti. Tangu mwaka jana anapoteza vitu, na kila akipoteza anamwambia mke wangu ndiye mwizi, tena mbele ya wageni. Juzi amemtukana tusi ambalo sikujua kama analijua. Kesho yake asubuhi anamwambia mke wangu huyo huyo, "mwanangu, njoo tunywe chai." Mke wangu amefunga begi, anasema mtu mzima anajua anachosema. Mimi nimekaa katikati. Mamangu ana kosa?
Mume na mtoto, Majengo

Marahaba ndugu yangu. Sijamuona mama, na daktari ndiye wa kusema, lakini unavyoeleza inafanana sana na maradhi ya ubongo wa uzeeni, yale ambayo mojawapo linaitwa kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyelieleza mwaka 1906. Angalia linavyofanya kazi. Mama anachukua bangili yake anaificha chini ya godoro. Kitendo cha kuficha kinafutika. Kinachobaki kichwani ni kwamba bangili haipo, na akili yake, ambayo bado inajitahidi kuelewa dunia, inatafuta sababu, na sababu iliyo karibu ni yule mtu anayeingia chumbani mwake kila siku kumtandikia. Ndo maana anayetuhumiwa ni yule yule anayehudumia. Staha nayo inatunzwa na sehemu fulani ya ubongo, sehemu hio ikiharibika maneno yanatoka ambayo miaka yote yalikuwa yamefungiwa.

Kwa hivyo hapana, mama hana kosa. Haoni anachokifanya, na kutokuona kwake hakujiletea mwenyewe kama yule kijana wa Kisauni aliyelewa. Quran inataja watu wanaorudishwa kwenye umri dhalili mpaka baada ya kujua wasijue kitu. Huyo ndiye anayemuita mkeo mwanangu asubuhi, na nakuhakikishia hadanganyi akiita.

Lakini mkeo ameumizwa kweli. Watu hudhani kama hakuna mkosaji basi hakuna aliyekosewa, si hivyo, mwanamke ameitwa mwizi mbele ya wageni nyumbani kwake, na aibu ya hapa kwetu unaijua inavyosafiri. Kwa hivyo mmoja hawezi kulaumiwa na mwingine anaumia, na humo ndani mwenye hiari kamili umebaki wewe, na wewe unaniambia umekaa katikati. Kukaa katikati nako umekuchagua. Kila mgeni aliyeondoka na hio stori ya mwizi bila wewe kufungua mdomo, hilo ni lako, si la mama.

Anza na wageni, wapigie mmoja mmoja useme mama anaumwa na mke wangu hajawahi kumchukulia kitu, na useme mkeo akiwa anasikia. Mpeleke mama hospitali apimwe damu na mkojo, manake wazee wengine huchanganyikiwa kwa maambukizi ya mkojo, ama tezi la shingo, ama upungufu wa vitamini B12, na hayo yana dawa. Hata kama ni yale yasiyopona, daktari atawapa njia za kumtuliza. Akisema ameibiwa msibishane naye, mwambie haya mama tutafute pamoja, na mtafute kweli, mtajua haraka anapoficha. Zamu za usiku ni zako sasa, na dada zako kama wapo nao wapangiwe siku, mkwe hawezi kuwa muuguzi peke yake. Na kabla hujamwambia mkeo afungue lile begi, muulize anataka nini kibadilike humo ndani, alafu ukifanye hicho wiki hii hii.